Kibaya Chajitembeza: Maisha ya Alfred Russel Wallace

 Mlezi wetu alipotuomba tuandike juu ya maisha ya watu mashuhuri waliofariki zamani, wenzangu wengi walikimbilia wanasiasa na wanamuziki. Mimi nimemchagua mzee mmoja wa Uingereza mwenye ndevu tele, Alfred Russel Wallace. Jina lake hutajwa kwa haraka tu katika somo la Bayolojia tunapofika kwenye mageuko ya viumbe, kisha hao, tunaendelea na Darwin.

Nimemchagua kwa sababu alijibu swali ambalo lilimtatiza hata Darwin mwenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi hutumia methali hiyo kwa bidhaa za sokoni na tabia za watu. Lakini hebu tazama porini. Mbona kiumbe chenye sumu au mwiba hakijifichi? Mbona kinajipamba kwa rangi kali, kama kwamba kinataka kila mtu akione? Wallace ndiye aliyeeleza jambo hilo akaeleweka. Maelezo yake yalianzia kwa viwavi, lakini leo yanatusaidia kuelewa hata migunga na mishubiri tunayoipita kila asubuhi tukija shuleni.

Wallace alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 karibu na mji mdogo wa Usk, nchini Wales. Baba yake alikuwa na mali kidogo, lakini aliiweka katika biashara zisizofaulu, ikayeyuka kama barafu juani. Familia ikawa ya kuhamahama, leo nyumba hii, kesho ile yenye kodi nafuu. Hatimaye walikaa Hertford, kaskazini mwa London, na huko ndiko Alfred aliposomea. Mwishoni mwa mwaka 1836, akikaribia umri wa miaka 14, masomo yake yalikatika. Pesa hazikuwepo. Hakurudi tena darasani kama mwanafunzi, na chuo kikuu hakukanyaga.

Hapa naomba tusimame kidogo. Miaka 14 ni umri wa mtoto wa shule. Kila mmoja wetu katika shule hii ya kutwa anamjua mwenzake aliyetumwa nyumbani kutafuta karo, akakaa wiki moja, ikawa mbili, kisha dawati lake likapewa mwingine. Tukisoma habari za wanasayansi tunadhani wote walitoka katika shule kubwa zenye maabara za vioo. Kumbe huyu alitoka kwenye kundi la wale waliorudishwa nyumbani.

Alfred alikwenda kukaa na kaka yake John huko London, na jioni alihudhuria mihadhara iliyoandaliwa kwa ajili ya wafanyakazi. Mwaka 1837 akajiunga na kaka yake mkubwa, William, aliyekuwa mpima ardhi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutembea mashambani na milimani wakiburura minyororo ya kupimia. Katika kutembea huko kijana akaanza kuyatazama majani na maua yaliyokuwa miguuni mwake. Hakuyajua majina. Basi mwaka 1841 akanunua kitabu kidogo cha mimea kwa shilingi moja, akaanza kukusanya mimea, kuikausha na kuipanga. Kaka yake aliona ni kupoteza wakati. Yeye hakuacha.

Kazi ya upimaji ilipopungua, mwaka 1844 alipata nafasi ya kufundisha katika shule moja ya mji wa Leicester. Katika maktaba ya mji huo alikutana na kijana mwenzake, Henry Walter Bates, aliyekuwa amekolea kukusanya mbawakawa. Wallace alishangaa kusikia kwamba wako wa mamia ya aina katika eneo dogo tu kuzunguka mji. Wawili hao wakawa chanda na pete. Wakaazimia kwenda Amerika ya Kusini, kwenye mto Amazon, kukusanya wadudu na ndege na kuwauzia watu wa makumbusho. Hawakuwa na mfadhili. Nauli na chakula vingetokana na vile watakavyokamata.

Walifika Brazil mwaka 1848. Baada ya muda walitengana, kila mtu akashika njia yake. Wallace alizunguka miaka minne katika Amazon na mto Rio Negro. Mdogo wake Herbert alimfuata huko, lakini mwaka 1851 homa ya manjano ilimuua. Wallace mwenyewe aliumwa hadi kukata tamaa.

Mwaka 1852 alipanda meli iitwayo Helen arudi nyumbani na shehena ya miaka yake ya mwisho. Tarehe 6 Agosti meli ikashika moto katikati ya bahari ya Atlantiki. Aliokoa michoro michache na madaftari machache tu. Ndege, wadudu, wanyama aliokuwa akiwapeleka wakiwa hai, vyote viliteketea mbele ya macho yake. Alikaa siku kumi katika mashua wazi, jua likimchubua ngozi, ndipo meli nyingine ikawaokoa. Bahati ni kwamba wakala wake kule London alikuwa amekata bima ya pauni 200. Jamani, mtu mwingine angeapa asiione bahari tena. Wallace alipumzika, akaandika vitabu viwili kutokana na yale yaliyobaki kichwani na katika madaftari, na mwaka 1854 akasafiri tena, safari hii kuelekea visiwa vya Malaya, ambavyo leo ni sehemu za Malaysia, Singapore na Indonesia.

Huko alikaa miaka minane. Alikusanya vielelezo 125,660, zaidi ya 80,000 kati yake vikiwa mbawakawa. Usidhani alifanya hayo peke yake. Alisaidiwa na kijana Mmalaya aitwaye Ali, ambaye alipoanza kazi huko Sarawak mwaka 1855 alikuwa na miaka kama 15, yaani rika letu. Ali alianza kama mpishi, akajifunza kulenga ndege na kuwachuna ngozi bila kuziharibu, akawa msaidizi mkuu. Ndiye aliyempelekea Wallace ndege wa ajabu ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamemjua, na ambaye leo anabeba jina la Wallace katika sayansi. Wallace hakuficha msaada wa kijana huyo, alimtaja vizuri katika maandishi yake.

Mwezi Februari 1858, akiwa katika visiwa vya Maluku, Wallace alishikwa na homa kali. Akiwa amejifunika blanketi, huku akitetemeka, alifikiri kwa nini viumbe wengine hufa na wengine huishi. Akapata wazo kwamba wale walio na maumbile yanayowafaa ndio hubaki na kuzaa, na kwamba kwa njia hiyo aina mpya hutokea. Homa ilipotulia aliandika insha kwa jioni mbili na kuituma kwa Charles Darwin. Kumbe Darwin alikuwa amefikia wazo hilohilo kwa miaka mingi bila kulichapisha. Tarehe 1 Julai 1858 maandishi ya wote wawili yalisomwa pamoja mbele ya wanasayansi wa London, naye Wallace akiwa mbali visiwani, hana habari. Mwaka uliofuata Darwin alichapisha kitabu chake kikubwa na jina lake likavuma pande zote. Wallace hakuleta ugomvi. Alipokuja kuandika kitabu juu ya nadharia hiyo mwaka 1889, alikiita Darwinism, akampa mwenzake heshima yote.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Darwin aliamini kwamba rangi nyingi za kupendeza za wanyama hutokana na kuchaguana kwa dume na jike. Dume la ndege mwenye manyoya ya kuvutia hupata mke, basi watoto wake hurithi manyoya hayo. Lakini mwaka 1867 alikwama kwa viwavi. Wako viwavi wenye mistari myekundu, myeusi na ya manjano, wanaokaa wazi juu ya majani. Kiwavi ni mtoto, hajafika umri wa kuoa wala kuolewa. Sasa anajipamba kwa ajili ya nani? Darwin alimuuliza Bates, na Bates akamshauri amuulize Wallace.

Wallace alijibu mwezi huohuo wa Februari. Alikumbuka vipepeo wa Amazon wenye rangi kali waliokuwa wakiruka polepole bila woga, na ndege hawakuwagusa kwa sababu ladha yao ilikuwa mbaya. Alikumbuka pia nyigu na mistari yao. Kisha akaeleza hivi. Kiwavi ana ngozi laini. Ndege akimdonoa mara moja tu, hata kama atamtema kwa uchungu, kiwavi amekwisha kujeruhiwa na atakufa. Sumu iliyo ndani haimsaidii ikiwa adui ataijua baada ya kumtoboa. Inambidi ajulikane mapema, kabla ya kuguswa. Kwa hiyo rangi kali ni tangazo. Ndege aliyeonja mmoja akaudhika atawakumbuka wote wa rangi ile, nao watapona. Kuonekana kwao ndiko kinga yao. Wallace aliziita rangi za onyo.

Jambo ninalolipenda zaidi ni hatua iliyofuata. Wallace hakutaka aaminiwe kwa maneno tu. Mwezi Machi mwaka huohuo alisimama katika chama cha wataalamu wa wadudu huko London akaomba wenye kufuga ndege wajaribu kuwapa viwavi wa kila aina na watazame. Aliandika hata katika gazeti akiomba wasomaji wamsaidie. Bwana mmoja, John Jenner Weir, aliyekuwa amefuga ndege, akaifanya kazi hiyo, na mwaka 1869 akatoa matokeo. Viwavi wa kijani na wa kahawia, wale wanaojificha, ndege waliwagombania. Wale wenye rangi kali na wenye manyoya walikataliwa. Wazo likawa limepita mtihani.

Je, mimea nayo? Mwaka 2001 mtaalamu wa mimea wa Israeli, Simcha Lev-Yadun, alichapisha makala akieleza kwamba mimea mingi yenye miiba hutumia rangi za onyo kama wadudu. Alichunguza dungusi kakati, mishubiri, jamaa ya mkonge na jamaa ya mnyaa, akaona kwamba mara nyingi miiba yenyewe ina rangi tofauti na shina, au imezungukwa na madoa na mistari meupe.

Ukifikiri, hoja ni ileile ya Wallace. Mmea hauwezi kukimbia. Mbuzi akiuma tawi ndipo achomwe, wote wawili wameumia: mbuzi mdomo, mmea jani. Lakini mbuzi akiuona mwiba kutoka mbali akapita, mmea umepona na mbuzi amepona. Mwiba unaoonekana una faida kuliko mwiba uliofichika.

Mimi si mgeni wa mambo haya. Huku kwetu Machakos, Jumamosi huwa ninachunga mbuzi wa nyanya yangu. Mgunga una miiba mirefu myeupe pe, inayong'aa juani hata ukiwa hatua hamsini. Mwanambuzi huuingia kwa pupa, akadungwa puani, akaruka mee! Mbuzi mzee hafanyi hivyo. Huusogelea taratibu, akachuma vijani kwa ncha za midomo katikati ya miiba, kimoja kimoja, kisha akachoka na kwenda kwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtunguja nao, wenye miiba na matunda ya manjano machungu yenye sumu, unabaki umesimama peke yake mahali ambapo nyasi zote zimekwisha kuliwa. Na mishubiri mingi ina madoa meupe juu ya majani na meno mekundu pembeni, huwezi kusema hukuyaona.

Pengine utauliza, kwa nini rangi nyeupe ndiyo iwe onyo, na si nyekundu kama taa za barabarani? Mbuzi, ng'ombe na swala hawaoni rangi kama sisi. Macho yao yana aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, sisi tuna tatu, kwa hivyo nyekundu na kijani huwachanganya. Lakini weupe juu ya kijani kilichokoza wanauona vizuri. Onyo lazima liandikwe kwa lugha ambayo msomaji wake anaifahamu.

Tena onyo lina gharama. Mmea unaotengeneza miiba unatumia chakula ambacho ungetumia kukua. Utafiti uliofanywa Laikipia na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba migunga iliyozungushiwa ua ili wanyama wakubwa wasiifikie ilianza kuota miiba mifupi zaidi. Adui akiondoka, ulinzi unapunguzwa. Huu ni ushahidi kwamba miiba ipo kwa ajili ya midomo ya wanyama, si mapambo.

Nisije nikakupotosha, msomaji. Si kila rangi ya mmea ni onyo. Miiba ya dungusi kakati hukinga shina dhidi ya jua pia, na wekundu wa majani machanga huenda ni kinga dhidi ya mwanga mkali. Ndiyo maana wanasayansi bado wanabishana ni mmea gani unaonya na upi una sababu nyingine. Wazo la mimea linahitaji akina Weir wake, watu wa kuwapa mbuzi matawi yenye miiba ya rangi mbalimbali na kutazama kwa subira. Mbuzi tunao. Migunga tunayo. Sioni kwa nini kazi hiyo isifanywe na mtu kutoka hapa kwetu, pengine hata mtu ambaye leo anasoma jarida hili.

Nirudi kwa mzee wetu. Mwaka 1866 Wallace alimwoa Annie Mitten, binti wa mtaalamu wa mimea ya kuvumwani. Walijaliwa watoto watatu, na mmoja akafariki akiwa mdogo. Pamoja na sifa zake zote, hakupata kazi ya kudumu. Aliomba nafasi kadhaa akakosa. Aliishi kwa kuandika vitabu na kusahihisha mitihani ya wanafunzi. Mwaka 1881, kwa juhudi za Darwin na marafiki wengine, serikali ilianza kumlipa pauni 200 kila mwaka.

Wala hakuwa malaika. Aliamini mambo ya kuongea na mizimu, na alipinga chanjo ya ndui, jambo ambalo ushahidi ulimwendea kinyume na wanasayansi wenzake wakamlaumu. Ukitazama vizuri utaona kwamba mawazo yake yaliyodumu ni yale yaliyopimwa, kama lile la viwavi. Ukubwa wa jina la mtu hauligeuzi wazo lake kuwa kweli.

Alizeeka akiwa mpenzi wa mimea vilevile kama alivyokuwa kijana wa shilingi moja, akatunza bustani yake huko Broadstone, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1908 mfalme alimtunukia Nishani ya Ustahifu, mojawapo ya heshima kubwa za nchi hiyo. Alifariki tarehe 7 Novemba 1913 akiwa na umri wa miaka 90. Mwaka 1915 sanamu ya uso wake iliwekwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Wanafunzi wenzangu, nimejifunza mawili kwa mzee huyu. La kwanza, onyo lina maana likiwa la kweli. Mmea unaojifanya una miiba nao haunao hupona kwa sababu tu kuna mingine iliyo nayo kweli. Wakizidi waongo, mbuzi watagundua na wote wataliwa. Ndivyo ilivyo hata kwetu sisi: kiranja anayetisha kila siku bila kutenda, mwishowe husikilizwa na nani?

La pili ni la wale ambao madawati yao yamebaki wazi. Mlango wa shule unaweza kufungwa, lakini mlango wa kuuliza haufungwi na mtu. Swali lililomshinda mwanasayansi mkubwa lilijibiwa na mtu aliyeacha shule kabla ya kumaliza miaka 14, kwa sababu alizoea kutazama majani yaliyo miguuni mwake. Ukimwona mwenzako nyumbani akingoja karo, mpelekee daftari lako anakili. Na wewe mwenyewe kesho ukipita chini ya mgunga, usipite tu. Utazame mwiba ule mweupe, nao umekutazama kitambo.

Kalamu naiweka chini hapo. Kwaherini.